Kibarua Akiumia Shambani, Fidia Hupotea Wiki ya Kwanza

Watu wengi ninaozungumza nao katika vijiji vya Chamwino, Kongwa na pembezoni mwa Jiji la Dodoma wanaamini kwamba fidia ya ajali kazini ni jambo la watu wa viwandani, wa migodini na wa maofisini, na kwamba mtu anayepalilia, anayepogoa mizabibu au anayepiga dawa kwenye shamba la mwingine kwa malipo ya siku hana pa kudai pindi akiumia. Imani hiyo si sahihi, na imewanyima watu haki yao mwaka hadi mwaka. Mimi ni msaidizi wa kisheria, kazi inayotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na katika kazi hii nimeona madai ya vibarua wa mashambani yakifia njiani ilhali sheria ya kuwalinda ipo na inasomeka vizuri. Mengi hufa katika wiki ya kwanza baada ya ajali, kabla hata jeraha halijaanza kukauka, ama kwa sababu hakuna aliyeandika chochote, ama kwa sababu kilichoandikwa hakikueleza kilichotokea.

Nianze na sheria yenyewe, kwa kifupi. Kwa miaka mingi Tanzania Bara ilitumia sheria ya fidia iliyorithiwa kutoka enzi za ukoloni, ambayo viwango vyake viliachwa bila kubadilishwa hadi vikapoteza maana. Mtu aliyepata ulemavu kamili wa kudumu alikuwa na kikomo cha shilingi 108,000. Mwaka 2008 Bunge lilitunga Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Namba 20 ya mwaka huo, ambayo ndiyo iliyoanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaofahamika zaidi kwa herufi zake WCF. Mfuko ulianza kupokea michango Julai 2015. Kila mwajiri wa Tanzania Bara, awe wa umma au binafsi, anatakiwa kujisajili na kuchangia, na mchango huo hutoka mfukoni mwake mwenyewe. Hana ruhusa ya kumkata mfanyakazi hata senti moja. Kwa sekta binafsi mchango ulikuwa asilimia 1 ya mishahara, ukashushwa hadi asilimia 0.6 mwaka 2021, na mwaka 2022 ukawa asilimia 0.5, sawa na sekta ya umma.

Naomba msomaji atafakari kiwango hicho. Amri ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka shilingi 140,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa kilimo. Nusu ya asilimia moja ya fedha hiyo ni shilingi 700. Mwenye shamba aliye na wafanyakazi wanne wa kudumu wanaolipwa kiwango hicho angechangia shilingi 2,800 kwa mwezi, kiasi ambacho hakifikii gharama ya kumtuma bodaboda kutoka Mpunguzi hadi mjini kununua kopo moja la dawa ya ukungu. Kwa hiyo ninapoambiwa kwamba kusajili shamba ni gharama kubwa, huwa ninajua kwamba mzungumzaji hajawahi kupiga hesabu.

Mafao yenyewe ni mapana kuliko watu wanavyodhani. Yapo matibabu, yapo malipo ya kipindi ambacho mtu hawezi kufanya kazi, yanayokokotolewa kwa asilimia 70 ya kipato chake cha mwezi na yanayoweza kuendelea hadi miezi 24, ipo fidia ya ulemavu wa kudumu, ambayo hutolewa kwa mkupuo mmoja ulemavu usipozidi asilimia 30, na kwa pensheni ya kila mwezi ukizidi hapo, ipo huduma ya utengamao, yaani ya kumsaidia aliyeumia arudi kujimudu, ipo posho kwa ajili ya anayemhudumia mgonjwa asiyejiweza, upo msaada wa mazishi, na yapo malipo kwa wategemezi wa aliyefariki. Jambo ambalo huwashangaza wengi ni kwamba mfanyakazi hatakiwi kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea. Anatakiwa kuonesha kwamba aliumia, na kwamba aliumia kutokana na kazi na wakati wa kazi. Hata kama yeye mwenyewe aliteleza au alisahau, haki yake haiondoki kwa sababu hiyo tu.

Kikwazo kikubwa kimo katika swali la nani ni mfanyakazi. Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi, kwa sababu kilimo cha mkoa wetu hakiendeshwi kwa mikataba ya maandishi. Mzabibu wa Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na kati ya mavuno mawili kuna kupogoa, kufunga matawi kwenye nyaya, kupalilia, kunyunyiza salfa dhidi ya ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, na kurudia dawa kila mvua ikinyesha. Kazi hizi hufanywa na watu wale wale, wanaoitwa asubuhi kwa simu au kwa kupitia kwa msimamizi, na kulipwa jioni au mwisho wa wiki. Kwenye mahindi, mtama na alizeti watu hulipwa kwa ngwe au kwa gunia. Hakuna aliyewahi kutia saini popote. Mtu huyo akikatika kidole, mwenye shamba husema, tena mara nyingine kwa nia safi kabisa, kwamba hakumwajiri.

Nakumbuka mzee mmoja mwenye heka kadhaa za zabibu, mtu wa heshima anayeaminika kijijini, aliyenijibu hivi nilipofika kwake kuhusu kibarua aliyeumia shambani mwake na kumwamkia: "Marahaba mwanangu. Huyo kijana mimi nilimpa ngwe tu. Akimaliza namlipa, asipomaliza simlipi. Huo nao ni uajiri?" Nilimwomba tuzungumze taratibu. Nilimuuliza ni nani aliyempa kijana bomba la kunyunyizia na mkasi wa kupogolea, ni nani aliyemwelekeza aanzie mstari gani na aache vikonyo vingapi kwenye kila tawi, na kama kijana huyo alikuwa na mashamba mengine anakofanya kazi. Mzee aliyajibu yote bila kuficha: vifaa ni vyake, maelekezo ni yake, na kijana alikuwa kwake karibu kila siku tangu msimu uliotangulia.

Majibu hayo ndiyo sheria inayoyatafuta. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, katika kifungu cha 61, inasema kwamba mtu anayemfanyia kazi mwingine atachukuliwa kuwa ni mfanyakazi, mpaka ithibitishwe vinginevyo, endapo lipo hata jambo moja kati ya mambo kadhaa yaliyotajwa humo: namna anavyofanya kazi au saa zake za kazi ziko chini ya uongozi wa mwingine, amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anamtegemea kiuchumi, anapewa vifaa vya kazi, au anamfanyia kazi mtu mmoja tu. Saa 45 kwa mwezi ni kazi ya siku sita hivi. Kibarua wa zabibu anayeitwa mara mbili kwa wiki amekwisha kuzipita. Malipo ya ngwe yanaeleza jinsi ujira unavyohesabiwa, wala hayambadilishi kibarua kuwa mkandarasi. Mkandarasi wa kweli ni yule anayekuja na trekta lake, dereva wake na bei yake, akalima mashamba ya watu kumi kwa wiki na kuondoka. Huyo naye, kama ana utingo na dereva aliowaajiri, ni mwajiri kamili.

Sasa nieleze namna dai linavyoharibika, kwa mfano wa kijana niliyemhudumia kutoka upande wa Kongwa. Alikuwa akilisha mahindi kwenye mashine ya kupukuchua inayoendeshwa na shafti ya trekta. Kifuniko cha mkanda kilikuwa kimeondolewa siku nyingi kwa sababu mkanda ulikuwa ukiruka na mafundi walichoka kukifungua na kukifunga. Mkono wa koti lake ulinaswa, na kabla dereva hajazima trekta vidole vitatu vilikuwa vimekwenda. Msimamizi alimpakia kwenye pikipiki, akampeleka kutibiwa, akalipa gharama za siku ile na kumwachia fedha kidogo za chakula. Kwa macho ya majirani, msimamizi alikuwa ametenda wema, na kwa sehemu ni kweli. Lakini kijana aliponiletea cheti cha kuruhusiwa hospitalini, mstari wa maelezo ulisomeka kwamba mgonjwa ameumizwa na mashine nyumbani. Yeye hakusema maneno hayo. Alikuwa amezimia nusu, na aliyejibu maswali ya muuguzi alikuwa msimamizi.

Neno hilo moja, nyumbani, lilitugharimu miezi. Ili kulirekebisha tulilazimika kurudi kwa daktari na kumwomba aandike maelezo ya nyongeza, kuwatafuta vibarua wawili waliokuwa wakishika magunia siku ile, ambao kufikia wakati huo mmoja alikuwa amehamia Kiteto kulima, na kumwomba mtendaji wa kijiji aandike barua kuhusu tukio ambalo hakuna aliyempa taarifa lilipotokea. Kilichotuokoa ni simu ya kijana mwenyewe. Mwenye shamba alikuwa na kawaida ya kutuma malipo kwa mtandao wa simu, na ujumbe wa kila malipo ulikuwa bado upo: tarehe, kiasi, jina la mtumaji. Ujumbe ule ulifanya kazi mbili. Kwanza ulionesha kwamba kulikuwa na ajira iliyoendelea kwa miezi. Pili ulionesha kipato, jambo ambalo ni la lazima kwa kuwa fidia hukokotolewa kutokana na kipato. Dai lake lilikubaliwa na alifanyiwa tathmini ya ulemavu. Tangu hapo, swali la kwanza ninalomuuliza majeruhi ni kama ujumbe wa malipo bado umo kwenye simu yake, na ninamwomba asiufute hata akiombwa na nani.

Taratibu zenyewe hazina ugumu wowote zikianza mapema. Mfanyakazi, au mtu kwa niaba yake, anapaswa kumjulisha mwajiri mara tu ajali inapotokea, na mwajiri naye anapaswa kuutaarifu Mfuko ndani ya siku 7. Dai lenyewe lina ukomo wa miezi 12. Muda huo unaonekana mrefu kwa mtu aliyeko mjini mwenye mwanasheria. Kwa mtu anayeuguza mkono kijijini, anayesubiri ahadi ya mwenye shamba kwamba watazungumza baada ya mavuno, huisha bila yeye kujua. Ndiyo maana ninasisitiza wiki ya kwanza. Majeruhi au ndugu yake ahakikishe kwamba karatasi ya zahanati inasema ameumia kazini, shamba la nani, akifanya nini. Apige picha ya mashine na eneo kabla kifuniko hakijarudishwa. Aandike majina na namba za simu za waliokuwapo. Apeleke taarifa kwa mtendaji wa kijiji na kuomba iandikwe kwenye kitabu, na mwajiri apewe taarifa kwa maandishi, hata kama ni ujumbe mfupi wa simu, ili asije akasema hakujua.

Ajali za mashine angalau zinaonekana. Sumu za mashambani ndizo zinazonisumbua zaidi, kwa kuwa mtu huumia polepole na hakuna damu inayomwagika. Nimewaona watu wakipiga dawa kwenye zabibu wakiwa wamebeba bomba linalovuja mgongoni, shati limelowa kuanzia mabegani hadi kiunoni, na kitambaa kilichofungwa puani kikiwa kimelowa vilevile. Jioni mtu anaumwa kichwa, anatokwa na jasho jingi na mate, anatapika, kifua kinabana, misuli inacheza, na nyumbani wanasema ni malaria au ni uchovu wa jua. Dalili hizo zinajulikana kwa baadhi ya dawa za kuua wadudu, na daktari anayeambiwa mapema anaweza kuzitambua na kuzitibu. Mgonjwa akifika na kopo la dawa, au hata picha ya kibandiko chake inayoonesha jina la kiambata, yaani kemikali yenyewe iliyomo, kazi ya daktari inakuwa rahisi, na karatasi ya matibabu inakuwa na maelezo yanayoweza kusimama. Sheria ya fidia inahusu pia magonjwa yatokanayo na kazi, lakini ugonjwa ambao haukuandikwa na mtaalamu kwamba umetokana na kazi ni vigumu mno kuufuatilia baadaye.

Kuumwa na nyoka nako kusidharauliwe. Mtu anayekata nyasi kwenye shamba la mwajiri asubuhi akaumwa na kifutu ameumia akiwa kazini, na ajali hiyo inapaswa kuripotiwa kama nyingine yoyote. Vivyo hivyo kwa wanaobebwa na mwajiri juu ya tela kwenda shambani, tela ambalo halikutengenezwa kubeba watu. Likipinduka kwenye korongo, safari hiyo ilikuwa ni ya kazi.

Niseme pia kuhusu wenye mashamba, kwa kuwa wengi wao ni majirani zangu na sioni sababu ya kuwaita maadui. Tangu serikali ihamie Dodoma, watumishi na wafanyabiashara wengi wamenunua mashamba Chamwino, Bahi na Hombolo, wakayaendesha kwa simu kupitia kwa msimamizi. Mtumishi huyo huyo analindwa na Mfuko akiwa ofisini kwake, na mwajiri wake anamchangia kila mwezi. Jumamosi anapofika shambani, yeye ndiye mwajiri, na watu walioinama kwenye mizabibu wanamtegemea awafanyie kile anachofanyiwa yeye. Msimamizi anayeita watu na kuwagawia kazi anafanya hivyo kwa niaba ya mwenye shamba, na kusema kwamba vibarua ni wa msimamizi hakumwondolei mwenye shamba wajibu. Kutojisajili ni kosa kisheria. Aidha, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kusajili eneo la kazi kwa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, na kuwapa watu vifaa vya kujikinga, na shamba la biashara halijaachwa nje.

Linalonihuzunisha zaidi ni makubaliano ya sebuleni. Wazee wa pande mbili hukaa, hutolewa fedha, pengine na mbuzi, na majeruhi huwekewa karatasi atie dole gumba kwamba amepokea na hana madai mengine. Ninaheshimu sana mila ya kusuluhishana, na undugu wa kijijini una thamani ambayo sheria haiwezi kuipima. Hata hivyo, dai la fidia linaelekezwa kwa Mfuko, halielekezwi kwenye mifugo ya mwenye shamba, kwa hiyo kulifuatilia hakuvunji undugu wowote. Mwenye shamba aliyesajiliwa hana cha kuogopa; Mfuko ndio unaobeba mzigo. Na kama hakujisajili, hilo ni kosa lake, wala si la aliyeumia, na majeruhi asikubali kurudishwa nyumbani kwa maneno kwamba shamba halimo kwenye orodha. Apeleke taarifa kwenye ofisi ya Mfuko, amwone afisa kazi wa mkoa, na kama ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi wa mashambani, TPAWU, awahusishe viongozi wake. Akifukuzwa kazi kwa sababu ya kudai, hilo ni shauri jingine linalopelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Lipo jambo la mwisho ambalo familia huligundua wakati mgumu kuliko wote. Mfanyakazi akifariki, kwa mfano trekta likampindukia, miezi 12 huanza kuhesabiwa wakati watu wako msibani. Mjane na watoto wanapaswa kuthibitisha kwamba walikuwa wategemezi wake, na katika vijiji vyetu ndoa nyingi za mila hazina cheti na watoto wengi hawana vyeti vya kuzaliwa. Nimekaa na mjane ambaye hakuna aliyebisha kwamba mumewe alifia kazini, lakini alihangaika kwa muda mrefu kuthibitisha kwamba watoto aliowabeba mgongoni na kuwashika mkono ni wa marehemu. Ndiyo maana, kwa familia yoyote ambayo baba au mama anaishi kwa kazi za mashamba ya watu, ninashauri vyeti vya kuzaliwa vya watoto viombwe sasa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, wakati wazazi wote wawili wapo, na vihifadhiwe mahali pamoja na kadi za kliniki, kitambulisho cha taifa, na jina kamili la mwenye shamba na namba yake ya simu.